Bastola Ndani ya Mkate

Kuna swali moja ambalo waandishi wetu chipukizi huliruka kila wanapompa mhusika bastola: ataibeba vipi? Atamuua nani, kwa nini, na polisi watafika saa ngapi, hayo wameshayapanga. Mimi nauliza jambo dogo zaidi. Asubuhi akitoka nyumbani, hicho chuma kinakaa wapi? Kiunoni, mfukoni au kwenye mkoba? Akipanda matatu na konda akasukuma abiria wa nne kwenye kiti cha watu watatu, jirani anahisi nini ubavuni? Akimkumbatia mamake, anamkumbatia upande gani?

Hadithi nyingi hazijibu. Mchuma unatokea ukihitajika, unalia, halafu unayeyuka. Hauna uzito, hauna jasho, hauna bei. Mhusika anakimbia ngazi tano, anaruka ukuta, anaoga na mpenzi wake, na bastola ipo tu, kama simu ambayo haijawahi kuisha chaji. Tukiuliza, tunaambiwa tusiwe wagumu, hiyo ni stori tu. Sawa. Lakini hoja yangu ni kwamba bastola isiyo na uzito kwenye stori inatuzoesha kuamini bastola isiyo na uzito mahali pengine, na huko watu wanakufa kweli.

Tuanze na ukoo. Katika riwaya ya Kiswahili kuna wapelelezi wa aina mbili. Wa kwanza ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia sokoni na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Anachokumbukwa nacho ni kiko, wala si bastola. Anavuta, anafikiri, anamchokoza rafiki yake Najum, na ukweli unatoka polepole. Wa pili ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa *Kufa na Kupona*, 1974. Huyu ni mtu wa ndege, hoteli na risasi. Sisi wengi ni watoto wa Willy, hata tusiomsoma, maana filamu zilitufundisha somo lilelile. Ukitaka msomaji asilale, toa silaha. Na silaha yenyewe uichague kama unavyochagua miwani ya jua: iwe ndogo, iwe nzito kwa sifa, iwe na jina la Kizungu.

Hebu tuichukulie kwa uzito hiyo ndoto ya bastola ndogo yenye risasi kubwa, kwa sababu ina historia. Mwaka 1872 kampuni ya Webley ya Uingereza ilitoa rivolva, yaani bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka, iliyoitwa Bulldog. Mtutu wake ulikuwa mfupi, inchi mbili na nusu hivi. Gurudumu lilibeba risasi tano tu, lakini risasi hizo zilikuwa nene. Nia ilikuwa moja: iingie mfuko wa koti. Mtu aitembeze mjini kila siku bila kuonekana, na siku ya shida awe na kishindo cha silaha kubwa. Viwanda vingi viliiga umbo hilo, na hadi leo kuna watu, hasa Marekani, wanaobishana usiku kucha ni rivolva ipi fupi yenye risasi nene inayofaa kubebwa kila siku.

Ubishi wao unatufunza kitu ambacho stori zetu hazisemi. Bastola ndogo ikirusha risasi kubwa haisamehi. Chuma chepesi kinapiga teke zaidi, kwa hiyo mkono unaruka na shabaha ya pili inachelewa. Mtutu mfupi unatoa mwali na mshindo unaouma masikio, hasa ndani ya chumba. Kifyatulio cha rivolva ya kubebwa mfukoni ni kizito kwa makusudi, isije ikalia yenyewe, kwa hiyo kidole kinavuta kwa nguvu na mkono unayumba. Na risasi ni tano, au sita. Zikiisha, unasimama pale ukizitoa maganda na kuingiza nyingine kwa vidole vinavyotetemeka. Kila unachopunguza kwenye ukubwa unakilipia kwenye mkono. Anayechagua silaha ya kubeba kila siku anachagua pia aina ya hofu atakayoishi nayo: shati la kuficha nje ya suruali, kiti kinachotazama mlango, mtoto asiyeruhusiwa kukaa pajani.

Mteja mashuhuri kuliko wote wa umbo hilo la Bulldog hakuyajali hayo. Mwaka 1881 Charles Guiteau alinunua moja kule Washington ili kumuua Rais James Garfield. Inasimuliwa kwamba dukani aliitaka ile yenye mpini wa pembe za ndovu badala ya mbao, kwa kuwa aliona itapendeza zaidi siku itakapowekwa makumbusho. Alimpiga rais Julai 2 kwenye stesheni ya treni. Garfield aliugua wiki nyingi na akafa Septemba 19. Nikisoma kisa hicho nikiwa mtu wa Taita Taveta, nchi ya Tsavo, jicho langu linakwama kwenye mpini. Ndovu aliuawa mahali fulani ili bastola ipendeze. Guiteau alikuwa mwandishi mbaya: alichagua silaha kwa ajili ya jalada la kitabu.

Sasa tuje kwetu. Rivolva mashuhuri kuliko zote katika historia ya Kenya haikuwa ya jasusi wala ya jambazi. Ilikuwa Webley Scott ya kaliba .38, na ilipatikana kwa Dedan Kimathi alfajiri ya Jumapili, Oktoba 21, 1956, karibu na Ihururu, Nyeri, alipopigwa risasi ya mguu na kukamatwa. Watu wengi hudhani Kimathi alishtakiwa kwa vita, au kwa mauaji, au kwa kuongoza Mau Mau. La. Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva na risasi sita. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, hilo peke yake lilitosha kumnyonga. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alisikiliza kesi hiyo Nyeri mwezi wa Novemba, na Februari 18, 1957 Kimathi akanyongwa.

Tazama jinsi mahakama inavyosoma bastola. Kwa mahakama, bastola ni kitu cha kuhesabiwa. Ina kaliba, ina namba, ina risasi kadhaa, ina leseni au haina. Miaka ya msituni, mashamba yaliyochukuliwa, vijiji vilivyozungushiwa mitaro, vyote vinaachwa nje ya mlango, na kinachobaki mezani ni chuma kimoja. Hiyo nayo ni namna ya kutunga hadithi. Unamvua mtu kila kitu, unambakizia kile alichobeba.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliliona hilo. Tamthilia yao ya mwaka 1976, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mzalendo Kimathi*, inafunguka kwa shtaka lenyewe: tarehe, mahali, rivolva, kukosa leseni. Jaji anasoma, Kimathi ananyamaza. Akija kuongea anaihoji sheria yenyewe: imetungwa na nani, inamlinda nani? Kwa hiyo neno leseni linageuka kuwa swali la mchezo mzima. Nani alimpa mkoloni leseni ya bunduki zake?

Lakini kitu bora zaidi walichofanya, kwa maoni yangu, hakipo mahakamani. Kipo barabarani. Kuna mwanamke katika tamthilia hiyo, hana jina, anaitwa Mwanamke tu, na amebeba mkate. Ndani ya mkate kuna bastola. Anapita kati ya askari nayo. Baadaye anamwachia kijana wa mtaani aupeleke kwa muuza matunda, na kijana huyo, aliyekuwa akimfukuza msichana kwa ajili ya vijisenti, anajikuta ameshika kitu asichokijua. Kila askari akitokea, macho ya mtazamaji yanakwenda kwenye mkate. Hapo silaha ina uzito. Hakuna aliyefyatua chochote na tayari tumbo linasokota. Zaidi ya hayo, ina maana: mtu mwenye njaa anaona chakula, anayejua anaona bunduki, na kijana inabidi aamue yeye ni nani kati ya hao wawili. Waandishi walijibu swali langu la kwanza, ataibeba vipi, na jibu lao ndilo likawa mchezo.

Linganisha na hadithi ya kawaida ya leo, ambapo bastola inatolewa "kiunoni" kama vile kiuno cha mhusika ni kabati. Neno moja hilo limeua hadithi nyingi kuliko risasi.

Hata hivyo sitaipa tamthilia hiyo maksi zote. Rekodi ya kesi ya kweli, iliyodhaniwa kupotea kwa miaka mingi, ilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Kimathi wa rekodi hanyamazi. Anakana mashtaka, anatoa ushahidi, na utetezi wake ni kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Yuko na jeraha, yuko mbali na watu wake, anapigania maisha yake kwa maneno. Kimathi wa jukwaani hana shaka, hachoki, haombi kitu.

Sisemi waandishi walidanganya. Walijua wanachofanya, miaka ya sabini serikali ilikuwa inawasahau wapiganaji makusudi, na jukwaa lilihitaji shujaa aliyesimama wima. Ila kuna bei. Mtu aliyetoka msituni akiwa na rivolva na risasi sita, ambaye huenda alikuwa amechoka, ambaye labda alitaka kuishi, ni mhusika mkubwa kuliko yule asiyetetereka. Rivolva mkononi mwa asiyeogopa ni pambo. Mkononi mwa mtu ambaye hajaamua kama ataitupa au ataishika, ni fasihi. Cha ajabu ni kwamba waandishi haohao walimpa kijana wa mkate ile shaka waliyomnyima Kimathi. Ndiyo maana, ukiniuliza, mhusika hai zaidi wa *Mzalendo Kimathi* si Kimathi.

Sanamu ikamalizia kazi. Pitia Barabara ya Kimathi, Nairobi, umtazame. Ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa. Ameshika bunduki ndefu mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Rivolva, ile iliyomtia kitanzini, haionekani hata ukiitafuta. Naelewa. Bunduki ndefu ni ya vita na inaonekana kutoka mbali. Bastola ni ya mfukoni, inanuka siri. Lakini tumechagua silaha ya jalada, tukaacha ile ya rekodi. Tumependa kipendezacho.

Kwa hiyo napendekeza jaribio kwa yeyote anayeandika stori yenye mchuma. Ihamishe Rukanga.

Rukanga iko chini ya mlima Kasigau. Unaacha barabara ya Mombasa pale Maungu, unaingia vumbi jekundu, mlima unazidi kukua mbele yako hadi unajua kwa nini mawingu hulala pale. Kilele kinapita mita 1,600. Kuna mahindi na kunde, kuna mama wanaosuka vikapu vya mkonge, kuna ranchi zinazozunguka, na kuna ndovu. Sasa mlete shujaa wako wa jiji na rivolva yake fupi yenye risasi nene. Saa nane usiku ndovu wanaingia shambani. Afanye nini? Akifyatua, amemuudhi mnyama wa tani kadhaa kwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya binadamu mwembamba aliye hatua tatu mbele. Akikosa, ana risasi nne. Majirani wanatoka na tochi, debe na kelele, wanasimama mbali, wanaita. Hicho kitu kidogo kilichomfanya mkubwa mjini hapa kinamfanya mpumbavu, na kesho asubuhi itabidi aeleze askari wa wanyamapori alikitoa wapi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.

Halafu kuna jambo la pili, zito zaidi. Kijijini kila mtu atajua. Mjini bastola inajificha kwa sababu hakuna anayekujua. Rukanga ukikaa vibaya kwenye benchi la duka, mzee mmoja atauliza, "Kijana, kiuno kinakuuma?" na kufikia jioni hadithi imefika Bungule na Jora. Mwandishi analazimika kuandika jamii iliyoizunguka silaha: nani ananyamaza, nani anaogopa, nani anataka kuazima. Hapo ndipo stori inapoanza kupumua.

Na watu wa Kasigau wana sababu ya kuuliza. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefika mpaka wa Taveta, Wajerumani kutoka Tanganyika walikuwa wakipenya kwenda kuharibu reli ya Uganda, na Kasigau ilikuwa njiani. Waingereza wakawatuhumu wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Adhabu haikuwa kesi wala mtu mmoja. Watu wa mlima mzima walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, joto na malaria ya pwani ikawamaliza wengi, na waliobaki wakakaa miaka mingi kabla ya kurudi. Bunduki katika kisa hicho zilikuwa za Mjerumani na Mwingereza. Aliyelipa ni asiyebeba.

Ndiyo maana siwezi kusema ni stori tu. Chukua aina nyingine ya hadithi, ambayo sisi vijana wa mijini tunaisoma kuliko riwaya yoyote: ile taarifa fupi ya asubuhi. Kijana ameuawa mtaani usiku. Sentensi ya mwisho, karibu kila mara, inafanana: bastola moja na risasi kadhaa zilipatikana. Ni sentensi yenye kazi. Kabla yake kuna maiti na maswali. Baada yake maswali yamefungwa. Wakati mwingine ni kweli, kwa maana wanaoibia watu kwa bastola wapo, na wanaua. Wakati mwingine mama anasema hajawahi kuiona bastola hiyo nyumbani kwake. Lakini tazama tunavyosoma. Hatuulizi aliibeba vipi. Alikuwa na kaptula na sandali, ilikaa wapi? Nani aliiona kabla? Kaliba gani, namba gani? Hata mahakama ya mkoloni, iliyokuwa na haraka ya kunyonga, iliandika kaliba.

Hatuulizi kwa sababu tumezoeshwa. Tumesoma mamia ya hadithi ambamo bastola hutokea tu, ikahitajika, ikapatikana. Mwandishi wa taarifa ile ametumia mbinu yetu. Chuma kisicho na uzito, kimetolewa kiunoni mwa mtu ambaye hawezi tena kusema kitu.

Upande wa pili wa jiji, bastola nyingine zina leseni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inampa raia nafasi ya kuomba cheti, na Desemba 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wakaguliwe upya. Hao nao hawapo katika fasihi yetu. Yule bwana anayeiweka mezani baa ili watu wanyamaze, yule mfanyabiashara anayelala nayo chini ya mto na halali, mhudumu anayeleta bia huku akijifanya hajaona: ni nani ameandika riwaya yao? John Kiriamiti alituonyesha mwizi mwenye bunduki tangu 1984 na *My Life in Crime*, na tumemwiga hadi tumechoka. Mwenye cheti bado anasubiri mwandishi. Ule mkono unaogusa kiuno kila dakika tano kuhakikisha kipo, huo ni ukurasa mzima, na hauhitaji mlio hata mmoja.

Simkatazi mtu kuandika bastola. Nchi hii imejaa bunduki na fasihi isiyozitaja itakuwa inaongopa. Ninachodai ni bei. Mhusika wako akibeba, abebe kweli: gramu mia saba au zaidi za chuma upande mmoja wa mwili, mchana kutwa, kwenye jua la Voi. Zihesabu risasi zake. Mpe mkono unaouma baada ya mlio wa kwanza na masikio yanayovuma. Mpe jirani aliyeona. Na kabla hujaandika neno "kiunoni", mkumbuke Mwanamke na mkate wake, kisha utafute mkate wa stori yako ni upi.